Namna ya Kulinda Rimu za Gari Zisikwaruzwe na Ukingo wa Barabara

Rimu nyingi zilizokwaruzika ninazoziona kwenye maegesho hazikuharibiwa na mwendo kasi wala ajali. Ziliharibika gari likitembea polepole kuliko mtu anayetembea kwa miguu, ama katika sekunde za mwisho za kuegesha, ama katika kona iliyokatwa mapema kidogo. Nimeendesha magari kwa miaka mingi na nimekaa kando ya ndugu na marafiki wakijifunza kuegesha, na jambo ninaloliona likijirudia ni hili: dereva hujua vizuri pua ya gari lake ilipo, lakini magurudumu ya upande wa abiria, hasa lile la nyuma, huyakisia tu. Ushauri wangu karibu wote unahusu namna ya kuacha kukisia.

Gurudumu la nyuma halifuati njia ya gurudumu la mbele. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele yanageuka na usukani, ilhali ya nyuma yanaburutwa yakiwa yamenyooka, kwa hiyo hupita ndani zaidi ya kona. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Chukua gari lenye mita 2.7 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, likate kona kali ambayo gurudumu la mbele la ndani linachora duara lenye nusu kipenyo cha mita 5. Gurudumu la nyuma la upande huohuo litapita karibu sentimita 80 ndani ya mstari huo. Ndiyo maana dereva huona pua imepita salama kwenye pembe ya ukingo, akatulia, kisha akasikia mkwaruzo nyuma yake. Kadiri gari linavyokuwa refu na kona inavyokuwa kali, ndivyo tofauti inavyoongezeka, na anayehama kutoka gari dogo kwenda gari refu la familia lazima aijifunze upya.

Dawa yake ni kuchelewa kugeuza usukani. Unapoingia lango, njia ya maegesho au kona finyu, endelea mbele moja kwa moja hadi mabega yako yakaribie usawa wa pembe ya ukingo, ndipo uanze kukata, huku ukitupia jicho kioo cha pembeni cha upande wa ndani. Kama ukingo unaonekana kulikaribia gurudumu la nyuma, simama. Kurudi nyuma kidogo na kujipanga upya hakuna aibu yoyote, hata kama kuna gari lingine linasubiri.

Katika kuegesha sambamba na barabara, kosa ninaloliona zaidi ni kuingiza pua kwanza kwenye nafasi fupi. Magurudumu ya nyuma hubaki mbali na ukingo, dereva akajaribu kulisogeza gari zima kwa kukunja usukani zaidi, na gurudumu la mbele likasuguana na zege. Kuingia kwa kurudi nyuma ni bora, kwa kuwa magurudumu yanayogeuka yanakuwa upande wa mwisho na unaweza kuusogeza mbele ya gari upendavyo. Hata hivyo, kuna nyakati mbili za hatari. Ya kwanza ni pale gari linaporudi likiwa limelala upande sana, kwa maana gurudumu la nyuma huufikia ukingo kabla hujaanza kunyoosha. Ya pili ni mwishoni kabisa, pua inapoingia ndani, ambapo dereva huwa ameshajiona amemaliza na hatazami tena.

Kifaa kinachosaidia kuliko vyote hapa ni kioo cha pembeni cha upande wa ukingo. Kishushe kabla ya kuanza kurudi nyuma, hadi uone sehemu ya chini ya gurudumu la nyuma pamoja na mstari wa ukingo katika taswira moja. Baadhi ya magari hukishusha chenyewe gia ya rivasi inapowekwa. Angalia kwenye mipangilio ya gari lako, kwa sababu mara nyingi huduma hiyo ipo lakini imezimwa. Mstari wa ukingo na ubavu wa gari vikionekana kwenda sambamba, gurudumu la mbele nalo litakuwa karibu na umbali uleule. Ukishamaliza, kirudishe kioo mahali pake kabla ya kuingia barabarani. Vihisi vya bampa sivitegemei kwa kazi hii, maana vimewekwa juu na vinatazama hasa mbele na nyuma, na ukingo mfupi ulio ubavuni unaweza usivishtue kabisa. Kamera inayoonyesha gari kutoka juu ni msaada mzuri, ila picha yake imeunganishwa kutoka kamera kadhaa na huweza kupotosha umbali, kwa hiyo bado natazama kioo.

Pia hakuna haja ya kulibandika gari ukingoni. Sentimita 20 hadi 30 zinatosha: gari haliwi kizuizi kwa wengine, na abiria anafungua mlango bila kuugonga ukingo mrefu. Mazoezi ya kuuzoea umbali huo ni rahisi. Tafuta uwanja mtupu, chora mstari wa chaki, egesha ukiufuata, kisha shuka utazame magurudumu yamekaa wapi. Rudi kwenye kiti na utafute mstari huo unaonekana kukutana na sehemu gani ya boneti au ya kioo cha mbele. Alama hiyo ndiyo utakayoitumia kila mahali, mradi usibadilishe urefu wa kiti.

Aina ya tairi nayo inaamua kosa dogo litagharimu nini. Tairi lililoandikwa 205/55 R16 lina ukuta (ubavu wa mpira kati ya rimu na barabara) wa karibu milimita 113, yaani asilimia 55 ya upana wake wa milimita 205. Tairi la 225/40 R18 lina ukuta wa milimita 90 tu, tena mara nyingi rimu yake inakuwa imefika usawa wa ubavu wa tairi au hata kuupita. Matairi mengine yana tuta la mpira linalozunguka karibu na rimu kwa ajili ya kuikinga, na ukiwa unabadilisha matairi yenye ukuta mfupi ya namna hii ni vyema kuuliza kama yapo yenye tuta hilo. Ningemshauri mtu anayeendesha mjini kila siku achague rimu ndogo zaidi kati ya zile mtengenezaji alizoruhusu kwa gari lake. Upepo nao usipungue kiwango kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango, kwani tairi legevu hubonyea na kuiacha rimu bila kinga.

Mahali pa kuchukulia tiketi ya maegesho pana hatari yake, kwa sababu ukingo huwa upande wa dereva naye anataka mkono ufike kwenye mashine. Nyoosha gari mapema, usikaribie kwa mshazari, na mashine ikiwa mbali fungua mlango uifikie.

Ikikulazimu kupanda ukingo, uendee kwa pembe ya mraba, polepole sana, usukani ukiwa umenyooka, ili mpira ubebe mzigo wote. Kuupanda kwa mshazari huukandamiza ukuta wa tairi kati ya rimu na zege, na nyuzi zilizomo ndani zinaweza kukatika bila alama yoyote kuonekana nje siku hiyo.

Na kama mgongano umeshatokea, kagua siku hiyohiyo. Mkwaruzo wa rangi peke yake si hatari, ingawa rimu ya aloi iliyopoteza rangi yake ya kinga huanza kuliwa na unyevu na chumvi, basi usiuache kwa miezi. Tazama upande wa ndani wa rimu pia, ambako ufa hujificha, na upime upepo siku chache baadaye kuona kama unapungua. Usukani ukitetemeka kwenye mwendo, peleka gurudumu likapimwe balansi na likaguliwe kama rimu imepinda. Gari likivuta upande mmoja au usukani ukikaa kombo barabara ikiwa imenyooka, omba alaimenti, yaani kupimwa na kurekebishwa mwelekeo wa magurudumu. Rimu yenye ufa mimi siikubali kuchomelewa, hata fundi akinihakikishia. Vivyo hivyo tairi lililotoa uvimbe ubavuni halizibwi wala halitembelewi: weka la akiba palepale, ukanunue jipya.