Unaenda kupiga picha za ndoa kanisani au msikitini? Soma hii kwanza ndo uchaji betri

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni lenzi gani inafaa kwa ndoa za ndani kwenye giza giza, na watu wananiona nakwepa maana na mimi huwa nauliza, umeshaongea na anayefungisha hiyo ndoa? Simaanishi bibi harusi wala mama yake, namaanisha padri, imamu, mchungaji, rabi, yeyote yule ambaye siku hiyo akikunyooshea kidole tu we na kamera yako mnatoka nje.

Anayekulipa ni mteja ila mwenye nyumba ni mwingine, na hawa wawili mara nyingi hawajaongea habari za picha hata kidogo. Maharusi watakwambia we piga tu hamna shida, wanasema kwa nia njema kabisa, ila hawajui kama pale madhabahuni hapapitwi, watajulia wapi wakati na wao ndo mara ya kwanza wanafunga ndoa pale. Kwahiyo mimi nikishapokea advansi naomba namba ya huyo mtu, au ya katibu wake, na napiga simu siku za katikati ya wiki, sio Jumapili asubuhi wala Ijumaa mchana.

Na nikipiga siulizi "naruhusiwa kupiga picha?" kwa sababu ukijibiwa hapana umekwisha. Nauliza nisimame wapi. Nauliza ni muda gani hutaki kabisa niguse kamera. Nauliza flashi itakusumbua ukiwa unasoma? Ukiuliza hivyo mtu anaona huyu kaja kikazi na ibada anaijali, na wengi wanaanza kukuelekeza wenyewe, kaa pale kwenye nguzo, usivuke ile ngazi. Kuna padri mmoja wapigapicha wote walikuwa wanamuogopa, mimi alinipa kona nyuma ya kinanda ambayo inaonekana hakuna aliyewahi kuiomba, na kwenye ile kona unaziona nyuso zote mbili za maharusi wakiwa wamemgeukia yeye, wakati wenzangu walioko kwenye njia ya katikati wanapiga migongo na shela. Yani picha nzuri kuliko zote za siku ile zilitoka pale na sikusogea hata hatua tatu.

Ukishajua pa kusimama jifunze ibada yenyewe inaendaje, hasa kama sio dini yako. Kwa Wakatoliki ndoa ikiwa ndani ya Misa viapo vinakuja baada ya mahubiri, kabla ya matoleo, na kwa mafundisho yao wanaopeana hiyo sakramenti ni maharusi wenyewe, padri anapokea ridhaa yao kwa niaba ya Kanisa. Ukilijua hilo unaacha kumng'ang'ania padri kwenye fremu, fokasi inabaki kwa wale wawili na mikono yao iliyoshikana. Na hapo angalia stendi ya maiki!! Hiyo stendi imeharibu picha nyingi kuliko giza, unakuta maua ya kila rangi, bibi harusi kapendeza, machozi yanamlengalenga, alafu kichuma cheusi kimepita katikati ya pua. Fika mapema, mtafute anayeshughulika na spika, muombe kistaarabu aishushe kidogo au aielekeze upande mwingine, ni dakika moja tu na hakuna atakayekukatalia. Af ikifika mageuzo, yani pale padri anapoweka wakfu mkate na divai, watu wamepiga magoti, kengele inalia, shusha kamera. Hata kama umeruhusiwa, shusha tu.

Msikitini aliyezoea makanisa anachanganyikiwa kwa sababu anasubiri bibi harusi aingie. Hapo hamna kuingia kwa madoido. Nikahi ni mkataba, walii wa bibi harusi, yani msimamizi wake wa kiume, mara nyingi baba yake, anaozesha, bwana harusi anapokea, mashahidi wapo, mahari inatajwa, na bibi harusi mara nyingi hata hayupo kwenye chumba kile. Lile neno la kukubali ni sentensi moja, mkono kwa mkono, sekunde chache limeisha watu wanaomba dua, kama ulikuwa unabadilisha lenzi ndo basi tena, pole. Usikatize mbele ya mtu anayeswali, hata kama pembe ni nzuri kiasi gani. Na vaa viatu vya kuvua haraka na soksi zisizo na matundu, nacheka ila nipo serious, utapiga magoti mbele za watu siku nzima.

Upande wa wanawake tafuta mpigapicha mwanamke. Sio wa kukushikia begi, mpigapicha kabisa mwenye kamera yake anayejua kazi. Na hapa wengi wanasahau kitu, mnakubaliana vizuri kwamba ndani atapiga mwanamke, alafu jioni memori kadi zote zinakuja kwenye laptopu yako wewe mwanaume unakaa unazifungua moja moja, sasa si umefanya kazi bure? Ulizeni familia mapema nani atakayeziona hizo picha, nani ataziediti, zitakaa wapi, na zisichanganywe kwenye folda moja na za wanaume.

Zingine nazipitia haraka. Waorthodoksi wanavikwa mataji na kuzungushwa meza mara tatu, kwahiyo ukikosa raundi ya kwanza usikimbilie upande wa pili, tulia pale pale, wanarudi. Masingasinga kwenye gurdwara, nyumba yao ya ibada, wanakizunguka Kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib, mara nne, ila humo unafunika kichwa, unavua viatu na hujiweki juu kuliko kile Kitabu, habari za kupanda kwenye kiti upate pembe ya juu isahau kabisa, na sigara acha nyumbani usiingie nazo hata mfukoni. Wayahudi bwana harusi anavunja glasi kwa mguu mwishoni, weka kamera kwenye kupiga mfululizo kabla hajanyanyua goti, ukisubiri kusikia kishindo umechelewa. Na kwa wanaoishika Sabato barabara, kuanzia Ijumaa jua linapozama mpaka Jumamosi usiku hamna ndoa wala kamera.

Alafu kuna sehemu huingii. Mahekalu ya Watakatifu wa Siku za Mwisho, hawa wengi wanawaita Wamormoni, ndoa inafungwa ndani na wanaoingia ni waumini wenye kibali maalumu tu, na hata wao picha ndani hawapigi. Lile hekalu lao la Salt Lake City, Utah, lilijengwa miaka 40, kuanzia 1853 hadi 1893, na maharusi wa miaka yote walioletewa mpigapicha pale albamu zao zinaanzia nje mlangoni. Ukiwaza kimpigapicha unaona umenyimwa, ila mimi naona hii ndo shule yenyewe, kwa sababu kazi nzima inabaki kwenye mlango mmoja na hujui utafunguka saa ngapi. Wale mnaosubiri nao nje ni watu muhimu, wengine ni wazazi kabisa wa maharusi ambao sio waumini au hawana kibali, hawakuona mtoto wao akifunga ndoa. Wapige picha kabla mlango haujafunguka, kwa utaratibu, bila kuwapangapanga. Kisha mlango ukifunguka usimfuate bibi harusi peke yake na lenzi ndefu, chukua lenzi pana kidogo uwapate anayetoka na anayempokea kwenye fremu moja. Gauni jeupe mbele ya ukuta wa jiwe jeupe kwenye jua kamera inadanganyika inaona kuna mwanga mwingi mno, inapunguza, gauni linatoka la kijivu na uso unakuwa mweusi, kwahiyo ongeza ekspoja kama hatua moja hivi alafu angalia nyeupe zisiungue.

Vifaa sasa, maana najua ndo mlichokuja kusoma. Lenzi ya f/2.8 kushuka chini (namba ikiwa ndogo ndo inaingiza mwanga mwingi), kamera mbili, flashi ikae begini. Kamera za kisasa zisizo na kioo zina shata ya kielektroniki ambayo haitoi sauti kabisa, kwenye kimya cha ibada ni mkombozi, ila ina mtego wake. Inasoma picha mstari kwa mstari, na taa nyingi za LED zinapepesa bila jicho kuona, matokeo yake unapata michirizi ya giza imelala kwenye picha nzima na hiyo kwenye kuediti haitoki vizuri. Kwenye nchi zenye umeme wa hertz 50 taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde, weka spidi ya shata 1/100 au 1/50 ya sekunde. Kwenye hertz 60 weka 1/60 au 1/125. Nenda siku moja kabla, washiwe taa zote zitakazotumika, piga tano sita uzikuze kwenye skrini. Vioo vya rangi madirishani navyo vina vituko, saa nne asubuhi vinamwaga bluu na nyekundu chini sakafuni, saa sita vimehamia kwenye gauni au kwenye uso, wengine wanapenda, mi siwezi kumkabidhi mtu picha ya ndoa yake akiwa na shavu la kijani.

Kwenye mkataba wangu kuna kipengele kwamba sheria za mahali pa ibada ziko juu ya makubaliano yetu, kwahiyo kama wakisema hamna picha wakati wa viapo, hamna, na mteja hawezi kudai hela irudi kwa ajili hiyo. Wapo wateja wanakunja uso wakikisoma. Bora wakunje siku ya kusaini kuliko siku ya albamu. Kingine kinasema picha za ndani ya ibada siweki kwenye kurasa zangu mpaka maharusi na wenye nyumba wote wawe wamekubali, hata kama ni ile moja kali ambayo ingekuletea wateja kumi. Na droni haitoki begini bila ruhusa mbili za maandishi, ya wenye nyumba na ya mamlaka ya anga ya hiyo nchi, hata bwana harusi akikwambia mjomba wake anafanya kazi huko.