Uliza Anti: Siku tano baharini, mabegi manne ya nini?

*Anti shikamoo. Mi na mume wangu na watoto wawili, wa miaka 9 na 6, tunaishi Columbus, Ohio, na mwezi ujao tunaenda kruzi kwa mara ya kwanza, meli ya Carnival, siku tano kutokea Miami, tunapita Grand Cayman na Jamaika. Tuko kikundi cha familia saba za kwetu, na wadada wa kikundi wameshapanga mavazi: siku ya kwanza wote nyeupe, siku ya pili sare ya kitenge, halafu kuna ule usiku wa kupendeza wa meli yenyewe, watu wanapovaa rasmi kwa chakula cha jioni, na picha kila siku. Nimeshajaza mabegi manne makubwa na viatu bado havijaingia. Sasa jana mume wangu kaangalia tiketi za ndege kakuta begi la kwanza ni dola 35 kila mtu kwenda na 35 kurudi, kapiga hesabu ikaja dola 280, akasema hiyo hela hatoi ng'o, kila mtu begi la mkononi basi. Anti inawezekana kweli? Halafu yeye mwenyewe anataka kubeba suti mbili.*
*Mama Wawili, Columbus*

Marahaba mdogo wangu. Shemeji kwenye hela kasema kweli, ila kwenye suti hapana, na tuanze na yeye huyo huyo.

Kruzi ya Carnival ya siku tano ina usiku mmoja tu wa kupendeza. Mmoja. Na siku hiyo mwanaume akivaa suruali nzuri na shati la mikono mirefu anaingia ukumbini anakula zake, koti akitaka, asipotaka hakuna wa kumuuliza. Kwa hiyo leo usiku ingia kwenye grupu lenu uwaambie wadada kwamba sare ya kitenge ihamishiwe usiku huo huo, gauni lako la kitenge na shati la shemeji la kitenge hiyo ndo nguo ya heshima tayari, suti zote mbili zibaki Columbus. Akikazana sana na koti basi alivae kwenye ndege, litakuwa limebebwa na mabega yake sio na begi.

Sasa kuna kitu watu wengi wanakichanganya. Meli haikuchaji mabegi. Unafika bandarini Miami wapagazi wanapokea mzigo wako, unawapa tipu yao, mzigo unaletwa mpaka mlangoni kwa kabini yako. Ndo maana watu wakisikia kruzi wanapaki kama wanahama. Anayechaji ni ndege, na siku hizi karibu wote wanachaji, hata Southwest waliokuwa wanasifika kwa mabegi mawili bure nao tangu Mei 28, 2025 tiketi zao nyingi unalipia. Kwa hiyo wewe usipakie kwa ajili ya meli, pakia kwa ajili ya ndege ya Columbus kwenda Miami.

Na huo mzigo wa kuwaachia wapagazi una adabu yake. Mi kruzi yangu ya kwanza nilibeba sutikesi kubwa kama friji, nikaikabidhi bandarini saa tano asubuhi, ikaja kugonga mlango wa kabini saa mbili usiku. Watoto wa watu wameshaoga bwawani weee, mi nimekaa pembeni na jinzi na kisweta cha ndegeni kwenye joto la Florida, nguo ya kuogelea iko kwenye sutikesi na sutikesi haijulikani iko ghorofa ya ngapi ya meli. Ukiwa na begi dogo unaingia nalo mwenyewe, unafika unabadilisha, unashuka majini.

Kabla ya yote soma tiketi yenu vizuri. Begi la kuweka juu ya kichwa mashirika mengi makubwa ya Marekani wanataka lisizidi inchi 22 kwa 14 kwa 9, na wanapima pamoja na magurudumu na mshikio, watu wanasahau magurudumu. Juu ya hilo una begi dogo la kwenda chini ya kiti. Ila tiketi ya bei ya chini kabisa ya United kwa safari za ndani mara nyingi hairuhusu lile la juu, na Frontier wao lile la juu nalo unalipia, muda mwingine linazidi hata bei ya lile la kuteremsha chini! Usije ukajibana wiki nzima kupaki halafu ukalipishwa getini.

Haya, nguo. Mdogo wangu, we mtoto wa kwetu una dawa nyumbani na hujaiona: madera na kanga. Dera likikunjwa kwa kuviringisha linakuwa kama chupa ya maji, halina haja ya pasi, unalivaa juu ya nguo ya kuogelea, unaendea kifungua kinywa, unashukia Grand Cayman, jioni unatia hereni na mkufu limekuwa gauni. Beba mawili. Kanga doti moja, hapo una vipande viwili, kimoja cha kujifunga ufukweni kingine cha kumfunika mtoto kwenye ukumbi wa maonyesho maana kiyoyozi cha meli ni baridi kama Columbus mwezi wa kumi. Taulo usibebe hata moja, za kuogea zipo kabini na za bwawani na ufukweni wanakupa, ukipoteza tu ndo unalipia. Ile siku ya nyeupe, topu nyeupe na suruali nyeupe, na hiyo suruali uirudie siku nyingine na topu ya rangi. Najua unawaza picha. Watu wa melini ni maelfu na hawakujui, na hao wa familia saba nao watarudia tu, wewe kuwa wa kwanza kusema.

Viatu ndo vinavyoua begi. Raba vaa miguuni, ndala moja, na sandozi moja ya kupendeza isiyo na kisigino kirefu, kwa sababu meli ikianza kuyumba na wewe uko juu ya inchi nne, tutakuokota kwenye bufee.

Watoto kila mmoja nguo mbili za kuogelea, hapo usibane, kabini hazina hewa na nguo mbichi inalala mbichi. Mabafu mengi yana kamba ya kuvuta ya kuanikia. Meli nyingi za Carnival pia zina vyumba vya kufulia vya kulipia, mashine na pasi zipo humo humo, kwa hiyo siku ya tatu fua mara moja, fulana nne za mtoto zinatosha. Pasi ya kwako usithubutu, wanainyang'anya kwenye ukaguzi, wanaogopa moto. Na kama mtoto wa kiume ana kaptula ya madoadoa ya kijeshi iache nyumbani, Jamaika nguo hizo raia haruhusiwi, mtoto hata mkubwa.

Vya majimaji ndani ya ndege ni chupa zisizozidi mililita 100, zote ziingie kwenye kimfuko kimoja cha plastiki cha robo galoni, kila mtu chake, na watoto nao wana haki ya chao, vitumie. Mafuta ya nazi yanahesabika majimaji hata yakiwa yameganda, Vaseline pia, usibishane na mtu wa ukaguzi. Mafuta ya jua nunua yale ya kijiti kama ya midomo, hayo hayahesabiki. Sabuni na shampuu mtazipata melini.

Pasipoti, grinkadi kama mnatumia, dawa na pawabenki viwe kwenye begi la chini ya kiti. Kwa sababu ndege ikijaa wanatangaza getini kwamba wanaomba mabegi ya juu wayashushe chini bure, na hapo ukikubali (kubali, ni bure!) hutaki uwe umeiacha dawa ya mtoto humo.

Raha yenyewe utaiona siku ya mwisho. Wenye masutikesi wanayatoa nje ya mlango usiku wa kuamkia kushuka, wanabaki na nguo moja ya kulalia na ya kesho, kuna mtu kila safari anasahau suruali, kesho yake anashuka na taulo. Nyinyi mnabeba vyenu mnashuka na kundi la mwanzo.

*Anti habari, mi na wazee wangu tuko Coventry, tunapanda meli Southampton na tunaenda na gari letu, ndege hamna. Nasi tujibane? Na birika la chai nibebe? Mama bila chai ya maziwa hatukaliki.*
*Kijana wa Coventry*

Nzuri baba. Nyie hamna wa kuwachaji, bebeni. Ila kabini ni ndogo, masutikesi yanalala chini ya kitanda, kwa hiyo chukueni ya kitambaa laini yanayobonyea, yale magumu mengine hayapiti. Birika usibebe, la umeme ni kama pasi tu, litachukuliwa. Piga simu kampuni ya meli uulize kama kabini yenu ina birika, meli za Waingereza nyingi zinalo. Mama mbebee majani yake na iliki na tangawizi ya unga kwenye pakiti zake zilizofungwa, maziwa ya moto ataagiza asubuhi.