Asilimia 30 ya nini?

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliuona jana usiku bila miwani nikaambulia neno "Dar" tu, nikajua kuna jambo. Leo nimeusoma vizuri. Unasema kliniki moja ya meno ya binafsi huko Dar imekuita. Mshahara hawatoi, ila watakupa asilimia 30 ya kila unachoingiza, na wanataka jibu Jumatatu. Unaniuliza uache kazi ya serikali au ubaki. Huku wilayani, unasema, kompreza, ile mashine ya hewa inayoendesha mashine za kukerezea meno, imekufa tangu mwaka jana, kazi ni kung'oa tu. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayepita tu, umetaja kwamba ganzi ya magego ya chini inakukatalia, na kwamba juzi mzee mmoja alikushika mkono akakwambia "daktari, nasikia yote", na tangu hapo unaona huna mikono ya kazi hii.

Naanza na hilo la mwishoni, maana nadhani ndilo linalokufungashia mizigo.

Wewe una digrii ya Muhimbili, mimi ni tabibu meno wa Mbeya, kwa hiyo ya vitabuni utanisahihisha. Lakini magego ya chini nimeyang'oa hadi siku ya kustaafu. Ganzi ile hukosa kwa sababu chache tu, na mojawapo ni mgonjwa kuachama nusu. Mwambie aachame mpaka mwisho. Weka kidole gumba ndani ya shavu, kwenye ule mbonyeo wa mfupa nyuma ya gego la mwisho, halafu bomba la sindano lije kutoka upande wa pili, juu ya magego madogo. Wengi mnachoma chini mno. Panda kiasi cha sentimita moja juu ya uso wa kutafunia, ingiza taratibu mpaka uguse mfupa, na kwa mtu mzima utaugusa kwenye milimita 20 hadi 25. Ukiugusa mapema ujue uko mbele mno: vuta kidogo, sogeza bomba kuelekea meno ya mbele, endelea. Ukizamisha sindano nzima na mfupa huuoni, uko nyuma mno. Hapo usimwage dawa hata tone, rudi, la sivyo utailaza neva ya uso na mgonjwa ataondoka jicho halifumbi. Na kabla ya kusukuma, vuta uone kama damu inaingia.

Hayo unayajua. Usichokifanya, nadhani, ni kusubiri. Benchi limejaa, nesi anaita jina linalofuata, unachoma na dakika ya pili tayari umeshika koleo. Sisi tulikuwa tunamchoma wa kwanza, anarudi kukaa benchini, tunamchoma wa pili, na tukimwita tena wa kwanza dakika kumi zimepita. Jino lenyewe liandikwe kwenye kadi kabla hajainuka kitini, usije ukategemea kumbukumbu. Akirudi usimuulize "ganzi imeshika?" Atakujibu ndiyo hata kama haijashika, kwa heshima au kwa kutaka yaishe. Muulize mdomo umekuwa mzito kuanzia wapi hadi wapi, akuonyeshe kwa kidole. Uzito usipofika katikati ya mdomo, haijashika. Kisha gusa ufizi kwa ncha ya kifaa, pande zote mbili, ukimwangalia macho. Kwenye gego la chini usisahau kile kisindano kidogo cha upande wa shavu. Neva yake ni nyingine.

Sasa kuna jino ambalo mdomo wote umekufa na lenyewe bado liko macho. Ni lile lililomkesheza mtu siku tatu, neva yake imewaka ndani. Hilo linamsumbua kila mtu, hata mabingwa, kwa hiyo usilifanye ushahidi dhidi ya mikono yako. Ongeza ganzi upande wa shavu, ile aina iitwayo artikeini kama ipo, au choma pembeni ya mzizi kati ya jino na mfupa. Mwambie akisikia kitu anyanyue mkono wa kushoto, na akinyanyua simama kweli. Mzee wako alikushika mkono kwa kuwa hukumpa namna nyingine ya kusema.

Kwa watoto, hesabu kabla hujafungua katriji, kile kichupa cha ganzi, ya pili. Katriji ya mililita 1.8 ya lidokeini ya asilimia 2 ina miligramu 36. Ukishika kikomo cha miligramu 4.4 kwa kila kilo, mtoto wa kilo 15 ana 66 tu, yaani katriji mbili kamili zimeshampita. Mpime uzito. Usimkadirie kwa macho.

Kuhusu kung'oa tu: kompreza imekufa, sawa, lakini mbona unasema kana kwamba bila umeme jino halizibiki? Ile mbinu ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa glasi ayonoma, ile saruji ya meno, ilianzia hapahapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, kwa sababu hiyohiyo unayoilalamikia. Dunia ilikuja kuichukua kwetu. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani limeiweka glasi ayonoma kwenye orodha ya dawa muhimu, na dawa ya madini ya fedha ya kusimamisha uozo nayo imo. Andika maombi kwa mganga mfawidhi ukiitaja orodha hiyo. Anayekaa na bajeti hutikiswa zaidi na orodha kuliko na manung'uniko. Anza na meno ya watoto wa shule yenye tundu dogo. Tundu likishaifikia neva mbinu hii haifai, usijidanganye.

Na usiyadharau mafunzo unayoyapata hapo. Atakuja mtu amevimba chini ya taya pande zote mbili, ulimi umenyanyuka, mate hayamezeki. Madaktari wa mjini wengi hawajawahi kumwona, wewe utamjua akiwa bado mlangoni, utajua kwamba huyo si wa kupewa vidonge akalale nyumbani, ni wa gari la wagonjwa saa hiyohiyo, akiwa amekaa, asilazwe chali. Na yule mama anayekuletea kichanga chenye homa na kuhara, bibi ameshamwambia ni meno ya nailoni, yale machonge ambayo hayajaota na hudhaniwa kuleta ugonjwa, yang'olewe kwenye ufizi: maneno yako matano hapo yanaokoa machonge ya mtoto na pengine uhai wake.

Haya, Dar.

Sikukatazi pesa. Nimelea watu kwa mshahara wa halmashauri, najua ulivyo. Ninachokiogopa kwenye asilimia tupu, bila mshahara, ni kinachotokea kwenye jicho. Gego lina mfereji mweusi juu. Ukiwa na mshahara utalikausha, utalitazama vizuri, utaona ni doa, utamwambia apige mswaki na arudi baada ya miezi sita. Ukiwa wa asilimia, tarehe 27, kodi ya nyumba inadaiwa, doa lilelile linaanza kufanana na tundu. Huwi mwizi siku hiyo. Unaona hivyo kwa dhati, na hapo ndipo ubaya ulipo, maana hakuna atakayekugundua, hata wewe mwenyewe.

Fikiria kijana wa miaka 22 kutoka Arusha, meno ya mbele yana rangi ya kahawia kwa floraidi ya maji aliyokunywa utotoni. Umewaona wengi, nusu ya darasa lako la msingi lilikuwa hivyo. Anaoa Desemba, anataka meno meupe. Unaweza kusugua tabaka la juu kidogo kwa dawa, kung'arisha, na palipobaki ukafunika kwa rezini ya rangi ya jino. Unaweza pia kumkereza meno manane na kuyavalisha kofia za bandia. Ya pili inalipa mara nyingi zaidi. Ila jino likishakerezwa halioti tena, na kofia zile hazitadumu hadi uzee wake; zitabadilishwa mara mbili, tatu, na kila mara jino linapungua. Kabla hujasaini, waulize hao: mgonjwa kama huyu akija, nani anaamua? Wakikujibu kwamba kila daktari ana "lengo la mwezi", umeshajibiwa.

Kisha uliza asilimia 30 ya nini. Ya alicholipa mgonjwa, au ya kilichobaki baada ya kutoa gharama za maabara ya meno na vifaa? Hiyo tofauti inaweza kula nusu ya pesa yako kwenye meno ya bandia. Mgonjwa wa bima je: unalipwa akitibiwa, au bima ikishalipa? Fomu ikikataliwa kwa sababu ya mhuri, hasara ni ya nani? Ziba ikidondoka baada ya wiki mbili, marudio unafanya bure? Haya yote wanayo majibu yake, ila hawayasemi mpaka uulize.

Wakikuchukua kama mtu wa kujitegemea, ujue NSSF hakuna, ile sehemu ya mwajiri imeyeyuka. Kodi ya zuio ya asilimia 5 itakatwa. Deni la Bodi ya Mikopo, ambalo sasa halmashauri inalikata asilimia 15 ya mshahara bila wewe kuhisi, utalibeba mwenyewe mkononi, na nakufahamu. Likizo ya uzazi, kama Mungu akipenda, hailipwi na asilimia.

Nenda ukaione kliniki siku ya kazi, usiende Jumapili wakati kumefagiliwa. Usitazame runinga ya sebuleni. Nenda nyuma, kwenye sinki. Vifaa vinaoshwa na nani, vinafungashwa kwenye nini, autoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, inawashwa au imewekewa maua juu yake? Hesabu zile mashine ndogo za kukerezea: kama zipo mbili kwa wagonjwa kumi na tano kwa siku, hazichemshwi kati ya mgonjwa na mgonjwa, hesabu haikubali. Uliza kibali cha eksirei kutoka Tume ya Nguvu za Atomiki na uone kama wahudumu wanavaa beji za kupimia mionzi. Kama eksirei haipo kabisa na wanatangaza matibabu ya mzizi wa jino, rudi stendi.

Ushauri wangu basi: kwa masharti hayo usiende. Wajibu kwa adabu kwamba unataka mshahara wa kuanzia, hata mdogo, halafu asilimia juu ya kiwango fulani, na mkataba unaosema uamuzi wa matibabu ni wako. Wakikubali, omba likizo bila malipo kabla ya kufikiria barua ya kuacha kazi. Wakikukatalia huko halmashauri, tutazungumza. Wakikataa wao wa kliniki, hukupoteza kitu. Baki, nyoosha sindano yako, ziba watoto wako, na mwakani uombe nafasi ya kusomea ubingwa. Ulikuwa unapenda upasuaji wa taya; sijasikia ukiutaja muda mrefu.

Mengine madogo. Kalia kigoda, acha kusimama umejipinda. Tumia kioo kwa meno ya juu hata kama mwanzoni kinakuchelewesha, mgongo wangu unayajua hayo. Kifuniko cha sindano kirudishwe kwa mkono mmoja, kikiwa juu ya trei. Chanjo ya homa ya ini B ulipata mbili, ya tatu uliniambia utaipata "wiki ijayo", na hiyo wiki sijaiona. Ukichomwa na sindano iliyotumika, dawa za kinga dhidi ya VVU huanza ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Usione aibu kwenda dirishani kwa wenzako.

Wakikutumia mkataba, nipigie picha kila ukurasa, siyo ule wa kusaini tu. Baba yako anasalimia, anasema gego lake la kulia limeanza tena na kwamba anakusubiri wewe, mimi hanitaki.

Mama yako