Je, Asili ya Jaji Ni Sababu ya Kumkataa?

SWALI: Asalaam aleikum, Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, na nyumbani kwetu ni Langoni, Lamu, ambako watu wengi ni ndugu kwa ndugu, na hakimu akiwa na udugu na mmoja wa wadaawa tunatarajia ajitoe. Nimesoma habari za Constance Baker Motley wa Marekani, aliyekuwa wakili wa kutetea haki za Weusi kabla ya kuwa jaji wa shirikisho, yaani wa mahakama za serikali kuu ya nchi hiyo. Upande wa pili uliwezaje kumwamini?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Wapo ambao hawakumwamini, na walimwambia hivyo mahakamani.

Motley alizaliwa New Haven mwaka 1921, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka kisiwa cha Nevis. Akiwa wakili alisimama mbele ya Mahakama ya Juu mara 10, akashinda kesi 9, na ndiye aliyepigania hadi mwanafunzi Mweusi, James Meredith, akaingia Chuo Kikuu cha Mississippi mwaka 1962. Mwaka 1966 Rais Lyndon Johnson alimteua kuwa jaji jijini New York, katika mahakama ambayo kesi huanzia na mashahidi husikilizwa, akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa jaji wa shirikisho. Majaji hao hawana umri wa kustaafu kwa lazima, tofauti na wetu wa Kenya ambao mwisho wao ni miaka 70.

Swali lako lilimfikia mwaka 1975. Kampuni ya mawakili iliyoshtakiwa kwa kuwabagua wanawake ilimtaka ajitoe, kwa kuwa naye ni mwanamke, tena Mweusi aliyewahi kutetea waliobaguliwa. Alikataa, akieleza kwamba kila jaji ana jinsia na rangi yake, na kama hizo zingetosha kumwondoa mtu, asingebaki jaji wa kuisikiliza kesi ile. Naiona hoja hiyo kuwa nzito sana, kwa sababu inafichua dhana kwamba mwanamume mweupe hana upande. Hakimu wenu wa Lamu hujitoa kwa haki, maana ndugu yake akishinda shamba, manufaa yanaingia nyumbani kwake. Motley hakuwa na fungu lolote katika kesi ile.

Mwaka 1978 aliamua kwamba mwandishi wa kike wa habari za michezo asizuiwe kuingia chumba cha kubadilishia nguo cha Yankees, timu ya besiboli ya New York, wakati waandishi wa kiume wanaruhusiwa. Waliodai kulinda sitara ya wachezaji aliwaonyesha kwamba pazia na taulo vingetosha. Kuanzia 1982 hadi 1986 aliwaongoza majaji wenzake, akabaki jaji hadi alipofariki mwaka 2005.

Ukipita Malindi, ingia Mahakama Kuu ukae benchi la nyuma siku jaji anapoombwa ajitoe, usikilize kama wakili anataja jambo alilolitenda jaji huyo, au anataja tu jinsi alivyozaliwa.