Katuni zitamfundisha Kiingereza?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mwanangu ana miezi tisa. Baba yake anamwekea katuni za Kiingereza kutwa, eti akizoee mapema. Inasaidia?
Mama Neema, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Izime hiyo TV. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti kuhusu watoto wa umri huohuo. Waliochezewa na kusomewa Kichina ana kwa ana, vipindi 12 tu, walizitambua sauti zake. Waliotazama video za watu walewale? Hawakuambulia kitu. Baba akitaka Kiingereza, akiongee mwenyewe, tena amtazame mtoto usoni (na simu aiweke chini). Nawe ukimwogesha mtajie: sikio, goti, kidole. Akisema “ba-ba”, mjibu.