Upinde hautengenezwi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Kisoro, kusini magharibi mwa Uganda, kazi yangu ni kuwatembeza wageni. Tuna mzee mmoja wa Kitwa, yaani wa jamii ya Batwa, anayetuonyesha jinsi ya kutengeneza upinde wa mbao kwa vifaa vya asili, na wageni wa kutoka Kenya na Tanzania hupenda sana kumtazama. Sasa nimeombwa niandike kibao cha maelezo kwa Kiswahili. Je, niandike upinde au uta? Na wingi wake ni mapinde au mipinde? Tumebishana na wenzangu mpaka chai ikapoa.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chai mngeinywa tu, maana swali lenyewe halina ubishi. Upinde na uta yote ni maneno sahihi. Upinde umezaliwa na kitenzi kupinda. Uta ni neno kongwe la Kibantu, na majirani zako wa Ankole bado wanalo mdomoni: wao huita obuta. Nyumbani kwenu mnasema umuheto, kutokana na guheta, ambako nako ni kupinda, kwa hiyo ninyi Wafumbira wa Kisoro na Waswahili waliwaza jambo moja bila kuulizana. Wingi wa upinde ni pinde, kama ukuta na kuta, ufunguo na funguo. Wingi wa uta ni mata. Mapinde na mipinde sijui vimetoka wapi, nahisi vimepanda basi hapa Kampala. Andika upinde. Uta siku hizi umebaki kwa washairi na kwa wajaza chemshabongo.

Ningeishia hapo nikalale. Lakini wewe, mtoto mwenye adabu uliyeanza kwa shikamoo, umeniandikia pia kwamba mzee anawaonyesha jinsi ya kutengeneza upinde. Usingizi umeniruka.

Kutengeneza! Hiki kitenzi kimekuwa kama yule mgeni aliyeomba hifadhi ya usiku mmoja, asubuhi ukamkuta amevaa kanzu yako na anawaagiza watoto wako dukani. Watu wanatengeneza chai, wanatengeneza nguo, wanatengeneza pesa, wanatengeneza marafiki, na wakikosea wanasema wametengeneza makosa. Juzi nimesikia redioni kwamba vijana fulani wametengeneza wimbo. Nikajiuliza, kwani ulikuwa umeharibika?

Ndiyo maana yake hiyo. Kutengeneza kunatokana na kutengenea, kuwa katika hali njema, kukaa sawasawa. Mwenye kutengeneza hukikuta kitu kimekaa vibaya akakirudisha mahali pake. Kwa hiyo yule kijana wa bodaboda anayesema "napeleka pikipiki kutengenezwa" anasema Kiswahili safi kuliko mtangazaji mwenye shahada. Pikipiki imekufa, fundi anaifufua, basi imetengenezwa. Upinde wa mzee wako haukuwa umeharibika. Ulikuwa bado ni mti umesimama.

Nimewahi kufikiri kwamba tatizo ni uvivu, lakini miaka mingi ya kusahihisha madaftari imenifundisha vingine. Siku moja nilisimama Mpambire, pale njia ya Masaka wanapouza ngoma, nikawa nazungumza na kijana mmoja kwa Kiganda. Akanieleza kazi yake kwa ufundi kabisa: gogo wanalibajja, ngozi wanaileega, kila tendo na neno lake. Mara likasimama lori, dereva Mkenya akauliza kwa Kiswahili mnafanya nini hapa. Kijana yule yule, kabla mate hayajamkauka, akajibu: "Tunatengeneza ngoma." Vitenzi vyote vimeyeyuka! Wala si kwamba Kiswahili hakina. Gogo huchongwa, ngoma huwambwa. Kuwamba ni neno la kazi hiyo hasa, kutandaza ngozi na kuikaza mpaka ilie ukiigusa. Kijana hakuwa amelisikia hata siku moja, na wa kulaumiwa si yeye.

Sisi Waganda, na hapo nawaingiza wote wa Uganda, Kiswahili hatukukipokea kutoka kwa fundi. Kilikuja na misafara ya biashara, kikaingia kambi za keya, lile jeshi la kikoloni la Waingereza, kikahamia polisi. Mfanyabiashara huuliza bei, askari hutoa amri. Hakuna kati yao aliyekaa chini ya mti akamwonyesha mtu jinsi ya kusokota kamba. Kazi za mikono zikabaki katika lugha za mama: Muganda hukomaga lubugo (ile nguo ya gome la mti), huweesa chuma, hubumba chungu, huluka mkeka, na ukimwambia kwamba lubugo "linatengenezwa" kutoka mti wa mutuba atakuonea huruma. Kisha anavuka kuingia Kiswahili, anaacha mkoba wote wa zana mlangoni na kuingia na nyundo moja. Tangu 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwenye katiba yetu, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe shuleni kwa lazima. Vyema sana. Ila nikiangalia madaftari naona kizazi kizima kinaandaliwa kugonga kila kitu kwa nyundo ile ile.

Basi twende kwa mzee wako, tumtazame kwa macho ya Kiswahili. Kaa hapo kwenye kigoda.

Kwanza anateua mti mnyoofu, usio na vifundo, maana penye kifundo ndipo upinde utakapokatikia. Anaukata. Ukiwa mnene anaupasua kwa kabari, akifuata nyuzi za mti zinakotaka kwenda. Anaambua gome. Halafu anaukausha, na hapa sikiliza vizuri: anaukausha, hauaniki. Kuanika ni kutandaza juani, kama mihogo au nguo, na mti mbichi ukiuanika unapasuka kabla hujamaliza kupiga mwayo. Upinde hukaushwa kivulini, tena polepole, kwa miezi, na mafundi wengi hupaka mafuta au nta kwenye ncha mbili ili maji yasikimbilie huko yakaacha nyufa. Ile methali ya samaki mkunje angali mbichi hapa haifai hata kidogo. Mti ukiukunja mbichi unakubali, unabaki umejikunja, na nguvu ya kurudi haupati tena. Utakuwa na kitu cha kutundikia nguo.

Sasa anachonga. Hiki ndicho kitenzi cha kibao chako, kiandike kwa herufi kubwa ukitaka. Anachonga kwa shoka, tezo au panga, upande wa tumbo, ule utakaomtazama mwenye kuvuta. Upande wa mgongo hauchongwi, unasafishwa tu, kwa sababu upinde ukivutwa mgongo ndio unaotanuka, na nyuzi zake zikiwa zimekatwa na chuma zitainuka moja moja mpaka mti uvunjike mkononi. Tumbo lenyewe hubanwa, kwa hiyo linavumilia kupunguzwa. Mgongo na tumbo, unaona? Upinde wa Kiswahili una mwili. Utawezaje kuutengeneza kama redio?

Akishachonga anakwangua. Anaupinda kidogo, anautazama, pale panapokataa kupinda anapakwangua kwa makali ya kisu, anaupinda tena, anautazama tena. Kazi hii ndiyo ndefu kuliko zote, nayo haina pupa, kwa kuwa mti uliokwanguliwa haurudishiwi. Ukimtazama mzee hapo utadhani hafanyi kitu. Anapinda, anakwangua, anapinda. Ndipo utajua kwa nini kitu hiki kikaitwa upinde. Ukitokea mkunjo wa upande anaupasha moto na kuunyoosha. Mwisho anatia mikato kwenye ncha mbili ya kushikia kamba, na kuupaka mafuta.

Kamba nayo ina jina lake, na hapa nitaomba uvumilivu kidogo maana ni neno ninalolipenda kupita kiasi: upote. Kamba ya upinde ni upote, wingi pote, na limetokana na kupota, yaani kusokota mpaka kikaze. Ni ndugu wa kupotoa. Mtu anayepotoa maneno anayasokota kama kamba, tofauti ni kwamba ya kwake haifungi kitu. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, kule Tanzania, upote wao huupota kwa kano za wanyama. Wengine hutumia ukanda wa ngozi, wengine nyuzi za mimea. Kano hulowekwa, huchanwa, husokotwa kwa kiganja juu ya paja. Tayari nimehesabu vitenzi vitatu, na hatujafunga kitu chochote.

Mishale je? Wano hunyooshwa (wano ni ule ufito wenyewe, wingi mawano). Manyoya hufungwa au hugandishwa kwa ulimbo. Chembe cha chuma, yaani ncha ya mshale, hufuliwa na mhunzi, wala chuma hakitengenezwi. Mishale hutiwa podoni, kama Isaka alivyomwagiza Esau achukue podo na upinde aende nyikani. Na mwenye upinde akiisha kulenga, anafuma. Ndiyo, kufuma, kitenzi kile kile cha mama anayefuma vitambaa vya makochi. Watu wawili wasiofanana wanatumia neno moja, na hakuna aliyewahi kuchomwa na sindano ya mwenzake.

Hesabu mwenyewe: kuteua, kupasua, kuambua, kukausha, kuchonga, kukwangua, kupinda, kupasha, kunyoosha, kupota, kufua, kufuma. Umemnyang'anya mzee vyote hivyo, ukampa kutengeneza. Tena ni mzee ambaye keshanyang'anywa mengi. Tangu 1991, Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa na Batwa wakatolewa msituni, upinde wake haufumi mnyama, unafuma shabaha mbele ya wageni wenye simu. Vitenzi angalau muachieni.

Nimechoka, lakini kuna mambo mawili madogo katika barua yako ambayo siwezi kuyafumbia macho. Umesema vifaa vya asili. Vifaa ni panga, tezo, kisu. Mti, kano na manyoya ni malighafi, au useme tu "vitu vya porini" na hakuna atakayekushtaki. Umesema pia upinde wa mbao. Mbao, wingi wa ubao, ni mti uliokwisha pitiwa na msumeno ukawa bapa. Nenda Ndeeba, hapa Kampala, utaziona zimepangwa mpaka juu ya paa. Mzee wako anachukua mti porini, kwa hiyo huo ni upinde wa mti, kama mwiko wa mti na kinu cha mti. Nakubali kwamba huko Marekani wapo wanaonunua ubao dukani, wakauchagua wenye nyuzi zilizonyooka, wakachonga upinde na ukavutika vizuri. Huo uite upinde wa mbao, ni haki yake.

Najua utaniuliza: kwani mwalimu wewe hulisemi kabisa hilo neno? Nyumbani kwangu kuna mjukuu wa miaka tisa. Kila jioni huja na kusema, "Babu, nikutengenezee chai?" Mwanzoni nilikuwa namjibu kwamba chai haijaharibika, chemsha mpya. Akawa ananitazama tu, halafu chai haiji. Siku hizi naitikia "ndiyo, mwanangu," nanyamaza, nakunywa. Kamusi nazo zimeshalegea, zinakubali kutengeneza kwa maana ya kuunda, na sina jeshi la kuzizuia. Kwa chai nimesalimu amri. Kwa upinde sitaki.

Andika hivi: "Hapa mzee huchonga upinde wa mti, akapota upote, akafuma mbele yenu." Kama wenzako watalalamika kwamba upote ni neno gumu, waambie mgeni amesafiri mpaka Kisoro kuona asichokijua. Na kibao chenyewe cha kuandikia, huna haja ya kwenda porini. Nunua mbao.