Kabla Hujampaka Mteja Rangi ya Bluu

Oktoba moja mteja alinionyesha picha kwenye simu: mwanamke wa bluu, mikono minne, ulimi nje, shingoni shada la vichwa. "Nifanye hivi hivi, dada. Kuna pati ya kutisha." Nilifurahi. Bibi harusi naweza kumpamba nimefumba macho, lakini kazi ya aina hii haiji kila wiki. Nilimshughulikia saa nne nzima: rangi ya mwili, wanja, damu ya bandia, jicho la tatu kwenye paji la uso. Nikampiga picha, nikaiweka Instagram na maneno "jini la Kihindi".

Jumatatu akaingia mama wa Kigujarati ambaye namtinda nyusi kwa uzi tangu nifungue saluni. Hakukaa kitini. "Binti, unamjua uliyemchora?"

Sikumjua. Akaniambia ni Mahakali, au Kali, mungu wa kike wa Wahindu. Kwao humwita Maa, maana yake mama, na nyumbani kwake ana picha yake anayoiwashia taa kila asubuhi kabla ya chai. Vile vichwa ni vya mashetani aliowaua. "Na wewe umemwita jini."

Nilitamani kujitetea kwamba hata mwanamitindo Heidi Klum alijipamba hivyo kwenye pati yake ya Halloween, ile siku ya kuvaa sura za kutisha, New York, mwaka 2008. Bahati nzuri nilinyamaza, kwa sababu naye Wahindu walimlalamikia. Tena sikukuu ya Kali huja Oktoba au Novemba, usiku usio na mwezi. Mwaka 2024 iliangukia tarehe 31 Oktoba, siku ileile ya Halloween. Hekaluni watu wanamwomba, kwingine watu wanacheza muziki wamevaa sura yake.

Ukiona mama yule alikuza mambo, kumbuka kampuni ya mitindo ya Chanel mwaka 1994. Walipitisha jukwaani gauni lenye aya za Kurani kifuani. Mbunifu alidhani ni shairi la mapenzi. Waislamu walikasirika, kampuni ikaomba radhi na magauni yakaharibiwa. Mimi nilikuwa mbunifu yule, ila wa mtaani.

Sisemi tukimbie kila cha Kihindi. Kipini, hina, bangili, sari ya usiku wa sherehe: hivyo tumeishi navyo pwani miaka mingi, na hakuna shangazi wa Kihindi atakayekununia kwa sari iliyofungwa vizuri. Ila tuna methali yetu, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Nimeisema maisha yangu yote kwa mzaha. Siku ile ndiyo niliisikia.

Sasa mteja akileta picha najiuliza: kitu hiki huvaliwa, au huabudiwa? Bindi ya kubandika, kile kidoti cha katikati ya nyusi, ni pambo, naiweka. Unga mwekundu kwenye njia ya nywele ni alama ya mke wa mtu, kama pete. Kwa mpiga picha anayetaka "rangi kidogo" siuweki. Mistari mitatu ya majivu kwenye paji ni ya waumini wa mungu Shiva. Alama ya U yenye duara jekundu katikati ni ya wafuasi wa Swaminarayan, dhehebu la Kihindu, utawaona Dar, Mombasa na Nairobi. Hizo siziigi. Sura ya mungu, hapana kabisa, na hasa Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, kwenye kucha za miguu: kwao mguu ndio sehemu duni kuliko zote, ndiyo maana viatu hubaki mlangoni mwa hekalu.

Na ukishakosea, usiandike "samahani kwa yeyote aliyekwazika". Hapo umemtupia yeye kosa. Mimi nilifuta picha, nikaandika nilichofanya na kwa nini kilikuwa kibaya, basi. Kisha muulize mwenyewe, uso kwa uso. Mwenye dini yake yuko mtaa wa pili, humhitaji Google.

Mteja wa pati alinuna picha ilipofutwa, akadai hela yake. Nilimrudishia nusu. Rangi ya mwili ni ghali.